Kabla ya Kupanda Ndege, Viongozi Wapite Kurasini

Wahenga walinena kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Kauli hiyo haipungui ukweli wake pale ambapo anayekataa kwao ni msomi mwenye suti nadhifu, mkoba wa ngozi mkononi na tiketi ya ndege mfukoni.

Imezuka duniani desturi ya viongozi kusafiri kwa makundi kwenda mahali palipopiganiwa haki za binadamu, ili wajifunze kwa macho na kwa miguu yale ambayo vitabu huyaeleza kwa maneno matupu. Nchini Marekani, tangu mwaka 1998, wabunge wa vyama vyote viwili wamekuwa wakifunga safari kwenda jimbo la Alabama, katika miji ya Birmingham, Montgomery na Selma. Kwa miaka mingi msafara huo uliongozwa na John Lewis. Tarehe 7 Machi 1965, akiwa kijana wa miaka 25, Lewis alipigwa na askari hadi fuvu likapasuka, kwenye daraja la Edmund Pettus mjini Selma, kwa kosa la kuandamana akidai Wamarekani weusi waachiwe wapige kura. Baadaye akawa mbunge, na mpaka mwaka 2020 alipofariki dunia alikuwa akiwavusha wabunge wenzake kwenye daraja lile lile alilomwagia damu yake. Afrika Kusini nayo imekifungua kisiwa cha Robben, alikofungwa Nelson Mandela kwa miaka 18 kati ya miaka 27 ya kifungo chake, na wageni wa kila taifa huenda kukitazama chumba chake.

Desturi hiyo ni njema, wala haifai kubezwa na mtu yeyote anayejua ubaguzi wa rangi ni dudu la namna gani. Lakini hapa Tanzania haina budi kuulizwa swali. Je, mtumishi wa umma au mwalimu anayeota safari ya Selma na ya Robben amekwisha kufika Kurasini? Anajua ni nani aliyezikwa Kinondoni mwaka 1969? Anapopita Oyster Bay asubuhi akielekea kazini, anajua kwa nini mitaa ile ina miti, kivuli na nafasi tele, ilhali nyumba za Temeke zimebanana kama dagaa kwenye gunia?

Kwa walio wengi jibu ni hapana. Kondakta wa daladala hulitaja jina la Mandela mara nyingi zaidi kwa siku moja kuliko mwalimu wa historia kwa muhula mzima, na abiria hushuka Ubungo, pale ambapo Barabara ya Mandela inakutana na Barabara ya Sam Nujoma, bila kujiuliza mashujaa wawili wa kusini ya Afrika walifuata nini katika njia panda ya Dar es Salaam. Hiyo ndiyo aibu yenyewe.

MJI ULIOKATWA VIPANDE

Wapo wanaodhani ubaguzi wa rangi ulikuwa ni jambo la Johannesburg na Alabama peke yake. Hao wanaishi Dar es Salaam bila kuiona. Mji huu ulijengwa juu ya ubaguzi. Wajerumani waliuanza, na Waingereza wakaupanga kwa kalamu na rula. Katika miaka ya 1920 mji uligawanywa kanda tatu kwa kufuata aina ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa: kanda ya nyumba za Kizungu, kanda ya nyumba za maduka, na kanda ya nyumba za wenyeji. Tazama ujanja wa mkoloni! Kanuni zake zilitaja ujenzi, wala hazikuhitaji kutaja ngozi ya mtu. Kwa kuwa mshahara wenyewe ulilipwa kwa kufuata rangi, Mwafrika hakuwa na njia ya kumudu nyumba iliyotakiwa katika kanda ya kwanza. Ndipo watu wakasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na eneo la Mnazi Mmoja likaachwa wazi katikati, kwa kisingizio cha afya, ili pumzi ya Mswahili isimfikie bwana mkubwa.

Kati ya vita viwili vya dunia, Oyster Bay ilipimwa na kutengwa iwe makazi ya Wazungu, kando ya bahari, penye upepo mwanana. Baada ya Vita vya Pili serikali ya kikoloni ilijenga mitaa ya Waafrika huko Ilala, Temeke na Magomeni, mbali kiasi cha kutowakera wakubwa, lakini karibu kiasi cha kumwezesha kuli kufika bandarini na boi kufika jikoni. Kwa hiyo mwalimu wa Kinondoni au wa Temeke hahitaji ramani ya Alabama ili kufundisha maana ya ubaguzi. Atoke nje ya darasa tu. Ramani iko chini ya viatu vya wanafunzi wake.

Shule nazo zilitengwa: ya Mzungu, ya Mhindi, ya Mwafrika. Hata kura ilipakwa rangi. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, mmoja Mwafrika, mmoja Mwasia na mmoja Mzungu, katika nchi iliyokuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu wasiofika 25,000. Hiyo ndiyo hesabu ya mkoloni, ambamo wachache waliwekwa sawa na wengi, na jambo hilo likaitwa haki.

UAMUZI WA MAGOMENI

Msafara wa kujifunza ukitoka Oyster Bay ukaingia Magomeni, utaikuta katika Mtaa wa Ifunda nyumba ndogo aliyoishi Mwalimu Julius Nyerere na familia yake katika miaka ya kupigania uhuru, baada ya kuacha kazi ya ualimu huko Pugu mwaka 1955. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, Waamerika weusi wa mji wa Montgomery waligomea mabasi ya kibaguzi, wakatembea kwa miguu siku 381 mpaka wakashinda. Bahari kuu ilikuwa katikati, lakini vita ilikuwa moja.

Nyumba ya Magomeni leo ni makumbusho. Hata hivyo kuitazama kuta na vyombo vyake peke yake hakutoshi. Mgeni aambiwe ni mawazo gani yaliyotawala siasa ya mwenye nyumba ile, na ni mtihani gani uliowakabili yeye na wenzake wa TANU. Maana jambo gumu kuliko yote kwa aliyebaguliwa halikuwa kumshinda aliyembagua. Lililokuwa gumu zaidi ni kukataa kumrithi.

Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, uliamua Chama kiingie katika kura tatu, ili kiushinde mfumo ule kutoka ndani yake. Wasioridhika walijitenga chini ya Zuberi Mtemvu, wakaunda chama cha kutaka Tanganyika iwe ya Waafrika tu. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wabunge kadhaa walisimama bungeni wakitaka uraia wa nchi ufuate rangi ya ngozi. Mwalimu aliwajibu kwa ukali ambao haujasahaulika: alifananisha fikra hiyo na ya makaburu, na akaeleza wazi kwamba serikali yake ingekuwa tayari kujiuzulu kuliko kuikubali. Mwaka 1962 wananchi wenyewe walitoa hukumu. Katika uchaguzi wa Rais, Nyerere alipata kura zaidi ya milioni moja, na Mtemvu akapata 21,276.

Mwaka 1963 TANU ilifungua milango yake kwa raia wa rangi zote. Januari 1964 Mwalimu aliagiza kwamba katika ajira ya serikali na upandishaji vyeo raia wote wahesabiwe sawa, na wapo waliolalamika, hususan katika vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1965 wapiga kura wa sehemu ya kaskazini ya Dar es Salaam, makabwela kwa wengi wao, walimpeleka bungeni Derek Bryceson, Mzungu, kwa kura zao wenyewe, pasipo kulazimishwa na kura tatu ya mtu. Ni nchi ngapi za wakati ule, Ulaya na Marekani zikiwamo, ambazo watu waliodhulumiwa kwa rangi yao walikuwa tayari kumpigia kura mtu wa rangi ya waliowadhulumu, kwa kuwa tu walimwona anafaa?

Huo ndio urithi wa Magomeni. Haukuja kwa bahati wala kwa upole wa tabia. Ulikuwa ni uamuzi, ulipingwa, na ukatetewa.

KABURI LA KINONDONI

Tarehe 25 Juni 1962 chama cha FRELIMO kiliundwa mjini Dar es Salaam, na Dakta Eduardo Mondlane akawa Rais wake wa kwanza. Tarehe 3 Februari 1969, katika nyumba moja huko Oyster Bay, Mondlane alifungua kifurushi kilichofika kwa posta. Ndani yake mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Mtu aliyeziacha kazi za heshima huko Marekani na katika Umoja wa Mataifa ili akomboe watu wake aliuawa na kitabu, mita chache kutoka kwenye mawimbi ya Bahari ya Hindi.

Alizikwa Kinondoni. Miaka kumi baadaye, Msumbiji ikiwa huru, mabaki yake yalihamishiwa Maputo. Iko wapi alama inayomwambia mpita njia habari hiyo? Ni watumishi wangapi wanaokwenda maziko pale Kinondoni kila juma, wakapita kati ya makaburi, wasijue kwamba udongo huo ulimhifadhi kiongozi wa taifa jingine kwa muongo mzima? Kama kaburi lile lingekuwa Ulaya, wangelipia ili wapige picha mbele yake.

Kutoka Kinondoni, Barabara ya Kawawa humpeleka msafiri upande wa Chang'ombe, ulipo Uwanja wa Uhuru. Hapo, usiku wa manane wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya mkoloni iliteremshwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Kipo pia kituo cha reli ya TAZARA. Reli hiyo ya kilometa 1,860 ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ili Zambia isibaki mateka wa walowezi wa Rhodesia na Wareno walioshika njia zake za kwenda baharini. Wapo wanaoihesabu TAZARA kwa tani za mizigo tu. Hawajui kwamba ni silaha iliyolazwa chini kwa mtindo wa mataruma.

KURASINI

Baada ya hapo msafara uteremke Kurasini. Leo Kurasini ni matangi ya mafuta, makontena na malori yanayosubiri zamu. Lakini tangu mwaka 1963 hapo palikuwa na Taasisi ya Msumbiji, shule iliyoongozwa na Janet Mondlane, mke wa Eduardo. Vijana waliovuka mto Ruvuma kwa miguu, ambao Mreno aliwanyima elimu kwa sababu ya rangi yao, walifundishwa hapo sayansi, hesabu na lugha.

Walimu wa Tanzania wasikilize yaliyotokea katika shule hiyo. Machi 1968 wanafunzi waliasi, ghasia zikazuka, shule ikafungwa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ya mambo yaliyogombaniwa ilikuwa kuwapo kwa walimu Wazungu. Wapo waliosema kwamba mtu mweupe hawezi kuwa ndugu katika vita ya kumkomboa mweusi, hata kama mtu huyo ameikimbia serikali ya Ureno na kuhatarisha uhai wake. Mondlane, na baada yake Samora Machel, walishikilia kwamba adui ni utawala wa kikoloni na unyonyaji wake, wala si rangi ya mtu. Mgogoro huo ulitaka kuivunja FRELIMO. Msimamo wao ndio ulioshinda, na ndio ulioingia nao madarakani tarehe 25 Juni 1975.

Basi Kurasini si mahali pa kulilia maovu ya Wareno peke yake. Ni mahali ambapo waliobaguliwa waliuona ubaguzi ukiwa umekaa darasani mwao wenyewe, ukiongea kwa sauti yao wenyewe. Somo hilo ni gumu kuliko la Selma. Kule Selma mwovu na mwema wanatambulikana kwa urahisi, mmoja ana rungu na mwingine anavuja damu. Kurasini humlazimisha mtazamaji ajitazame.

KISIMA NYUMA YA NYUMBA

Jambo la kuchekesha, kama lisingekuwa la kusikitisha, ni kwamba wapigania haki wa Marekani wenyewe walikuwa wakisafiri kuja huku kujifunza. Malcolm X alifika Dar es Salaam Oktoba 1964 na kuonana na Mwalimu, miezi minne tu kabla ya kuuawa. Bob Moses, aliyekuwa kiongozi wa kampeni ya kuwaandikisha wapiga kura weusi huko Mississippi, alikuja kufundisha hisabati Same kuanzia mwaka 1969, akakaa hadi mwaka 1976. Juni 1974, katika ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulifanyika Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika, wa kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, na wajumbe wakaja kutoka Marekani na visiwa vya Karibi kwa mamia. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliweka makao yake katika mji huu tangu mwaka 1963 mpaka kazi yake ilipokwisha mwaka 1994. Kwa miaka mingi iliongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita, mwandishi wa habari na kada wa Chama aliyefariki mwaka 2015.

Walitoka ng'ambo kuja kuteka maji hapa. Leo mwenye nyumba anakiacha kisima nyuma ya nyumba yake, anajitwika ndoo kwenda mtaa wa saba. Hiyo ni kasumba, na kasumba haina jina jingine.

VISINGIZIO VITATU

Wapenda ng'ambo wana visingizio vyao, na yafaa kujibiwa kimoja kimoja.

Husema kwanza kwamba Kurasini na Kinondoni hakuna cha kutazama: hakuna sanamu, hakuna jumba la vioo, hakuna mwongozaji mwenye kofia. Je, Selma kuna nini? Kuna daraja la chuma la kupitisha magari, tena lenye jina la jenerali aliyepigania utumwa na aliyekuwa mkubwa katika genge la Ku Klux Klan. Daraja hilo halikuwa na heshima yoyote mpaka watu walipolipa heshima kwa kulirudia mwaka hata mwaka. Mahali hapajitukuzi penyewe. Kama Kurasini hapana kibao, lawama si ya Kurasini.

Husema pili kwamba fedha hakuna. Kutoka Oyster Bay hadi Kurasini ni nauli ya daladala. Oktoba 1967 Rais wa nchi alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, na vijana wa mikoa mingine wakafanya matembezi ya namna hiyo hiyo. Nchi hii ilikuwa ikijifunza kwa miguu kabla posho ya safari haijageuzwa kuwa ndiyo safari yenyewe. Ukweli ni kwamba ziara ya Kurasini haina mvuto kwa wengine kwa kuwa haina hoteli, haina posho ya fedha za kigeni, wala haina picha ya kuwatambia majirani. Mtu wa namna hiyo hata akipelekwa Robben atarudi na fulana tu.

Husema tatu, na hiki ndicho kisingizio kikubwa, kwamba Tanzania haina ubaguzi, kwa hiyo kujifunza kuupinga ni kupoteza wakati.

MBELE YA MEZA YA KARANI

Na waulizwe wananchi wanaosimama mbele ya meza za ofisi. Mama wa Mbagala amefika saa moja asubuhi, amevaa khanga na kandambili, ana karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Saa nne anaingia mgeni mweupe, hajui hata foleni inaanzia wapi. Karani anasimama, anatabasamu, anavuta kiti. Mama wa Mbagala anaendelea kusubiri. Hakuna sheria iliyovunjwa, hakuna tusi lililotamkwa, na hakuna atakayeshtakiwa. Lakini kanda ya kwanza na kanda ya tatu zimerudi, zimechorwa upya na mtu mweusi, juu ya sakafu iliyosafishwa kwa kodi ya mama yule yule.

Yupo raia mwenye asili ya Kiasia, ambaye babu yake amezikwa katika ardhi hii, lakini kila anapodai haki yake huulizwa kwao ni wapi. Mwulizaji hajui kwamba anairudia hoja iliyoshindwa bungeni mwaka 1961. Yupo mtoto wa shule anayeitwa kwa kabila lake mbele ya wenzake, darasa likacheka, na mwalimu akadhani ametia chumvi katika somo. Yupo binti anayejichubua kwa mkorogo kwa kuwa amefundishwa, nyumbani na barabarani, kwamba weusi ni wa kusamehewa na weupe ni wa kusifiwa. Na lipo neno lenyewe, Mswahili, jina la watu na la lugha ya Taifa, ambalo wasomi wengine hulitumia kwa maana ya mtu asiye mwaminifu na asiyejua adabu. Mkoloni alilipa eneo la Waafrika jina la dharau, akaondoka. Dharau imebaki na mshahara wa serikali.

Atakayesema kwamba hayo ni madogo akumbuke kwamba ahadi ya kwanza ya mwana-TANU, iliyorithiwa na Chama Cha Mapinduzi, ni kwamba binadamu wote ni ndugu na Afrika ni moja. Haikusema binadamu wote isipokuwa walioko kwenye foleni.

ZIARA ISIWE TAMASHA

Hata hivyo, msafara wa kwenda Kurasini nao unaweza kuharibika. Marekani inatoa fundisho. Kila mwaka wakubwa hulivuka daraja la Selma, kamera zikiwafuata. Lakini Juni 2013 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo iliing'oa sehemu muhimu ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965, sheria iliyopatikana kwa damu ya daraja hilo hilo, na baadhi ya walioshikana mikono darajani hawakuinua mkono bungeni kuirejesha. Kuvuka daraja ni rahisi kwa mtu ambaye akirudi kwake hataulizwa neno.

Kwa hiyo Chama na Serikali havina budi kuweka utaratibu mwepesi wenye makali. Mtumishi mpya, kabla hajapewa meza, na mwanachuo wa ualimu, kabla hajapewa darasa, atembezwe siku moja kutoka Oyster Bay, Kinondoni na Magomeni hadi Chang'ombe na Kurasini. Walioko mikoani wasidhani wamesamehewa. Wana Mazimbu iliyokuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wana Kongwa iliyokuwa kambi yao, wana Nachingwea iliyokuwa kambi ya FRELIMO. Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere iliyofunguliwa Kibaha Februari 2022, mali ya vyama sita vilivyokomboa kusini ya Afrika, iko mwendo mfupi tu kutoka Dar es Salaam. Makada wake kutoka Msumbiji, Angola, Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini wanastahili kuonyeshwa mahali baba zao walipolala njaa na kusoma.

Katika ziara hiyo posho isiwepo, na hotuba ndefu zisiwepo. Wazungumze wazee wa mitaa ile, waliowapangisha wapigania uhuru vyumba na kugawana nao ugali. Matawi ya Chama ya Kurasini na Magomeni yawatafute wazee hao leo, kwa kuwa kila mwaka unaopita unazika maktaba ambayo haikupata kusomwa. Vibao viwekwe, kwa Kiswahili fasaha, pale Kinondoni na Kurasini, vieleze nani alikuwa hapo na kwa nini. Na msafara ukirejea, kila ofisi ikae kitako ijiulize swali moja bila kuoneana haya: ni nani anayesubiri zaidi mbele ya meza zetu, na kwa nini? Kisha majibu yaandikwe, na mkuu wa ofisi aulizwe baada ya miezi sita amebadilisha nini.

Baada ya hayo, anayetaka kwenda Selma na aende, na safari njema. Atavuka daraja lile akiwa na la kuwaambia wenyeji wake, badala ya kwenda kuombewa maarifa kama mtoto yatima. Atawaeleza kwamba ipo nchi iliyokatwa vipande kwa rangi, ikaamua isimkate mtu mwingine, na kwamba uamuzi huo hulindwa kila asubuhi milango ya ofisi inapofunguliwa. Lakini asiyeujua uamuzi huo, na anayeuvunja kila siku mezani kwake, hata azunguke dunia nzima, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Atarudi, na mama wa Mbagala atamkuta pale pale. Aliyepita Kurasini kwanza atamvutia kiti.